Poda Namba Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika kazini saa moja kasorobo, mlinzi bado anafagia ngazi. Nilitaka kuhesabu mikebe nikiwa peke yangu. Nimehesabu mara tatu. Poda namba kumi na tatu — mikebe miwili. Ilitakiwa mitatu.

Wa tatu najua ulipo.

Niandike kwa utaratibu, labda kichwa kitatulia. Kila poda mpya ikishachanganywa, mikebe mitatu huletwa kwangu. Mmoja hufunguliwa baada ya miezi sita, wa pili baada ya mwaka, wa tatu baada ya miaka miwili, kuona kama rangi imegeuka au harufu imechacha. Natunza kabati, natunza kitabu cha kabati. Ndiyo kazi yote. Miaka mitatu chuoni ili nilinde mikebe. Mama huwaambia majirani niko utafiti. Simkosoi.

Novemba niliandika kitabuni: "Na. 13, mkebe mmoja, umetolewa kwa jaribio la joto." Mwandiko wangu, safi, umelala kidogo kulia. Hakukuwa na jaribio lolote. Mkebe niliufunga ndani ya soksi mpya nikamtumia Dada kwa siku yake ya kuzaliwa.

Namba kumi na tatu haijaingia sokoni hadi leo. Inatoka Aprili. Ni siri ya kampuni.

Na Dada anauza vipodozi kwa Nyangumi.

Nyangumi ni jina letu la kampuni ile kubwa. Inameza viwanda vidogo bila kutafuna, ndiyo sababu. Ofisini hakuna anayejua kwamba dada yangu yuko huko. Kwenye fomu ya ajira niliandika "muuzaji wa duka, nje ya nchi". Si uongo. Ila ukiusoma mara mbili, si ukweli pia.

Ijumaa mtu wa mauzo alisikia kwamba Nyangumi analeta poda mpya za ngozi nyeusi. Hakujua zaidi. Nimemaliza wikendi nzima nikihesabu mikebe kichwani.

Jumatano, 5 Machi

Mtu wa mauzo tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Leo ameingia kimya. Akaweka mkebe mdogo wa dhahabu juu ya meza ya Meneja. Wa Nyangumi. Mwenye duka mmoja amepewa aujaribu kabla ya uzinduzi, naye kamwazima hadi saa kumi.

Akaitwa Mama Mizani.

Mama Mizani ndiye fundi wa rangi. Anapima kila kitu, hata sukari kwenye chai za watu. Haziamini kadi za rangi zinazoletwa kutoka nje. Kila poda yetu imetengenezwa juu ya mkono wa mfanyakazi mmoja — upande wa ndani, saa nne asubuhi, dirisha la mashariki. Namba nne ni mlinzi. Namba tisa ni Redio, na huwaambia wateja bila kuulizwa. Namba kumi na tatu ni mimi. Mwaka jana nilisimama dirishani pale wiki sita, shati limekunjwa hadi kiwiko, yeye anapaka, anafuta, anarudi kwenye mizani. "Wewe una wekundu wa chini kwa chini," alisema, "kama tofali lililoloa. Hao wakubwa hawaupati. Wanajaza weusi tu, mtu anabaki kama kamwagiwa majivu."

Leo tena dirisha lile. Mkono wangu. Yao kushoto, yetu kulia.

Redio akauliza ipi ni ipi.

Mama Mizani aliinama mpaka pumzi yake nikaisikia kwenye ngozi. Akanyanyuka. "Hata mimi siwezi kukwambia," akasema. Polepole, kama mtu anayesoma kipimo asichokiamini.

Ningependa angepiga kelele.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha wote, hata wapakiaji. Mimi nimeandika kumbukumbu, kama kawaida.

Meneja hakuzunguka. Nyangumi atauza nusu ya bei yetu, na anaweza kupata hasara miaka miwili bila kuhisi njaa. Anawalipa wenye maduka wampe rafu iliyo usawa wa macho. Sisi tutashushwa chini, karibu na dawa ya viatu. Hatuwezi kumshinda kwa bei, kwa matangazo wala kwa rafu. Tulikuwa na kitu kimoja tu: kuzijua ngozi ambazo yeye alizisahau, na kufika kwanza. Namba kumi na tatu ndiyo ilikuwa ituvushe. Watu sitini wanakula kupitia kiwanda hiki, alisema. Halafu akakunja miwani.

Wakili ameiambia kampuni kwamba uzinduzi ule unaweza kusimamishwa, ikiwa tutaonyesha rangi yetu ilitokaje humu ndani. Ilitoka kwa nani. Ilifika kwa nani.

Hakumtaja mtu. Ila macho yalitembea yenyewe hadi kwa Mama Mizani. Kila mtu anajua kwamba miaka miwili iliyopita Nyangumi alimwita kwenye usaili. Alikwenda. Akala chakula chao cha mchana, akarudi kwetu. Kisa hicho hukisimulia mwenyewe — viti vyao vilikuwa laini mno, alishindwa kufikiri.

"Mama," Redio akasema, "kwenye kile kiti laini hukudondosha kitu?"

Wachache wakacheka. Yeye akamtazama tu. "Nilidondosha usingizi, baba. Nikuazime?"

Wakacheka zaidi, ila haikusaidia. Kicheko kilikuwa cha watu wanaotaka kutoka chumbani.

Nimeandika yote. Mistari imenyooka. Sijui mkono huu ni wa nani.

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga simu. Anakuja!

Nimeandika neno hilo na bado silisadiki. Miaka minne na miezi miwili. Nyangumi anatuma watu kumi kwenye uzinduzi, na yeye kachaguliwa kwa sababu anaijua lugha na anazijua nyuso za huku. Ndege Jumapili ijayo, tarehe kumi na sita. Atakaa wiki mbili. Na poda ikitoka vizuri, watafungua kaunta yao mjini, na atakayeisimamia ni yeye. Moja kwa moja. Nyumbani.

Mama alinirudishia simu, akapanda kiti, akaanza kuteremsha mapazia. Amefua mapazia yaliyokuwa safi tayari. Nikamwambia bado wiki nzima. Akasema pazia zito halikauki haraka, kisha akageuka asinionyeshe uso.

Chumba chetu cha zamani. Kitanda chake nilikuwa nimekigeuza mahali pa kuweka nguo zilizopigwa pasi. Nimeziondoa. Mimi bado nalala upande wa ukutani, kwa sababu upande wa mlangoni ulikuwa wake — aliutaka ili aweze kutoka bila kuniamsha, na kila mara aliniamsha. Alikuwa akirudi ananiwekea mkono baridi shingoni. Nilikuwa nakasirika kweli. Sasa kuna asubuhi naamka nikiusubiri huo mkono.

Nina sauti zake mia mbili na kumi na moja kwenye simu. Nyingi ni upuuzi. Moja amerekodi akiwa kwenye lifti, lifti imekwama, anacheka na mzee mmoja asiyejua hata neno la lugha yetu. Hiyo naisikiliza nikiwa nimechoka.

Ni yeye aliyesema, Septemba iliyopita: "Mdogo wangu, nina mikebe arobaini na minane mbele yangu. Nawapaka watu siku nzima, wanatoka wameng'aa. Wangu haupo. Nachanganya miwili, na bado nafanana na mgonjwa." Alisema akicheka. Mimi sikulala. Tumetoka tumbo moja, ngozi ni ile ile, watu walikuwa wakituchanganya tukiwa tumewapa mgongo. Na mimi nina poda yake kabatini, nimeifungia kwa ufunguo.

Ndiyo sababu. Si nyingine. Nilitaka ajipake kitu kilichotoka mkononi mwangu.

Sikumuuliza chochote leo. Mama alikuwa amesimama pale na mapazia.

Jumanne, 11 Machi

Mama Mizani amehojiwa kwa saa mbili na nusu. Funguo za kabati la vipimo vya michanganyiko, si langu la mikebe, ziko mbili, wake na wa Meneja. Meneja hawezi kujihoji.

Alipotoka alikuja kwangu. Akavuta kile kiti kibovu, akakaa. Aliniomba kitabu cha kabati, aone mikebe ilivyotembea. Sauti ya kawaida kabisa.

Nilimpa. Ningefanya nini?

Anasoma na kidole. Kidole kikateremka, kikafika Novemba, kikasimama. Jaribio la joto. Nikakumbuka wakati ule ule — Mungu wangu — oveni ya majaribio iliungua Oktoba. Ikatolewa nje. Ilikaa uani hadi Januari, mlinzi akawa anaweka viatu juu yake. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kuomba nyingine, na barua hiyo niliichapa mimi!

Mtu makini kama mimi. Uongo mmoja katika maisha ya kazi, nao nikautia ndani ya oveni mbovu.

Mama Mizani hakuinua macho. Kidole kilibaki pale kwa muda wa mtu kuhesabu hadi ishirini. Kisha akafunga kitabu, akakilaza mezani, akakinyoosha kiwe sambamba na ukingo.

"Una dada, nilisikia," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mkubwa kwako?"

"Miaka mitatu."

"Mimi nilikuwa mkubwa kwa watano," akasema. "Kazi ngumu ile."

Akaenda zake. Nilikaa hadi mlinzi akaja kuzima taa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemuuliza Dada. Nilimpigia kutoka kwenye ngazi za nyuma, saa ya chakula.

Mwanzo alisema walimpima tu. Watu wa maabara walipita madukani na kifaa kidogo, wakawapima mashavu wauzaji wote. Nikapumua. Shavu lake ni lake. Kama wameipata rangi kwenye ngozi yake mwenyewe, hakuna aliyeiba kitu, ni Mungu tu aliyetuumba sawa.

Nikamuuliza kama siku hiyo alikuwa ameipaka.

"Naipaka kila siku. Si ulinitumia niipake?"

Nikauliza kama aliwaambia ni nini.

Nilisikia mashine ya kahawa upande wake. Halafu akasema waliisifu. Kwamba yule mama wa maabara alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamuuliza amejipaka nini, na kwa miaka minne hakuna mtu huko aliyewahi kumtazama vile. Kwamba mkebe waliuomba siku mbili. Waliurudisha. Umepungua kidogo tu.

"Niliona fahari," akasema. "Nilisema kaitengeneza mdogo wangu."

Sikuweza kumkasirikia. Nilijaribu.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho saa tano Mama Mizani anaitwa mbele ya Meneja na wakili. Kila mtu anajua maana yake. Redio anatembea korido akisema kwa sauti ya chini kwamba mama wa watu anamwaga unga, na kwamba utani wake ule wa Ijumaa haukuwa na nia mbaya. Amemwambia kila mtu isipokuwa yeye.

Nilimkuta bafuni akiosha vijiko vya kupimia. Huwa haachi mtu mwingine avioshe. Nikafunga mlango. Nikaanza kusema.

Akaninyanyulia mkono wenye povu. "Usiniambie mimi. Ukiniambia, kesho wakiniuliza nitasema, na itakuwa nimekutaja. Sitaki kukutaja."

Nikasema nimeogopa.

"Naona," akasema. "Mimi pia. Nina miaka hamsini na minne, nani atanipa mizani tena?" Akasuuza kijiko kimoja, akakitazama, akakisuuza upya. "Mwanangu, sitakufundisha la kufanya. Ila usinifikishe mahali nikakuomba."

Usiku nimempigia Dada, nikamweleza kila kitu. Akasema nikimtaja, Nyangumi atamtosa siku hiyo hiyo ili ajisafishe. Kibali chake cha kuishi huko kimefungwa kwenye kazi. Watampa wiki tatu afungashe. "Nitarudi, ndiyo," akasema. "Na begi moja. Mama afue mapazia kwa ajili hiyo?"

Halafu akasema: kama ningekuwa mimi huko na yeye hapa, angeniuliza kwanza ninachotaka. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kuja Jumapili.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Baada ya kukata simu nilijikuta napiga hesabu. Nikinyamaza, anakuja Jumapili. Nikisema, anakuja baada ya wiki tatu. Kwa vyovyote vile anakuja. Na nilifurahi. Kwa dakika nzima nilikaa gizani nikiwa na furaha.

Ni mtu wa aina gani mimi?

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa na nusu alasiri. Naandika nikiwa chumba cha sampuli, penye kabati langu.

Asubuhi nimeandika barua. Nusu ukurasa. Kwamba mkebe wa tatu niliutoa mimi, Novemba, kwa tamaa yangu, na jaribio la joto ni uongo wangu. Kwamba nilimtumia mtu nje ya nchi kama zawadi. Kwamba Mama Mizani hana analolijua. Nilimpa Meneja saa tano kasoro dakika tano, mlangoni, wakili akiwa ameshakaa.

Meneja aliisoma amesimama. Mara mbili. Akavua miwani. Hakunifokea. Alisema, "Wewe?" kwa namna ya mtu aliyekaa juu ya kiti kisichokuwepo.

Mama Mizani wakamruhusu arudi kazini. Alipita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kuvaa aproni. Nilitaka aniguse bega au anitukane. Mashine ya kuchanganya nimeisikia ikiwaka.

Nilidhani imeisha. Nilidhani mimi ndiye mwisho wa jambo hili — nifukuzwe, nishitakiwe, basi, nimejikaza. Lakini wakili aliweka kalamu juu ya barua yangu, kwenye yale maneno "mtu nje ya nchi". Hii peke yake, alisema, ni karani kukiri wizi wa mkebe. Haimgusi Nyangumi hata nywele. Kinachomgusa ni huyo mtu, jina lake na mahali anapofanya kazi. Akilipata leo kabla ofisi za kule hazijafungwa, Jumatatu uzinduzi unasimama. Asipolipata, Jumatatu mikebe ya dhahabu iko kwenye rafu, na kiwanda hiki kitahesabu miezi.

Meneja akaongeza, bila kunitazama, kwamba wapo sitini. Alisema tena idadi ile.

Niliandika pale pale: "Dada yangu."

Wakili akasoma, akanirudishia karatasi. Kwa upole, lazima niseme. "Hilo si jina, binti."

Nikaomba nafasi ya kufikiri. Wamenipa hadi saa kumi. Redio amepita mlangoni mara mbili, mara ya pili akaniachia chupa ya maji. Simu inawaka na kuzima. Mama ananiuliza Dada anapenda shuka la bluu au jeupe, maana yote mawili ni safi. Juu ya ujumbe wa Mama kuna wa Dada, wa saa sita. Picha ya begi kitandani, limejaa, halijafungwa. Hakuandika kitu.

Kama ningekuwa na uhakika kwamba nafanya haki tu, ningeshaandika. Kama ningekuwa na uhakika kwamba namlinda tu, ningeshaichana karatasi. Lakini kila nikiinua kalamu naisikia ile furaha ya jana, iko chini pale, inasubiri.

Shuka jeupe, nimemjibu Mama.

Saa kumi kasoro dakika nne. Meneja kasimama mlangoni. Nimemwomba anipe nafasi nimalize. Jina la kwanza la Dada nimeshaliandika, limekaa peke yake kwenye mstari. Meneja anauliza la baba. Nimemwambia ni lile lile langu.